Majina ya mabinti katika nchi ya Wayoruba



Mara nyingi wanafunzi huuliza jina lina maana gani, nasi walimu huwajibu kwa majina ya watakatifu: Petro ni mwamba, Felisita ni mwenye heri, Dorotea ni zawadi ya Mungu. Jibu hilo ni jema, ila lawafanya vijana wengine kudhani kwamba majina yenye maana yote yalitoka ng'ambo ya bahari. Basi leo twende pamoja upande wa magharibi wa Afrika, kwa Wayoruba, tukatazame majina ambayo wazazi wa huko huwapa binti zao. Nimechagua mabinti kwa makusudi, maana katika majina yao kuna neno moja dogo ambalo halimo katika majina ya kaka zao, na neno hilo nitalieleza mbele.

Wayoruba ni taifa kubwa, watu makumi ya milioni. Wengi wao wakaa kusini-magharibi ya Nijeria, katika miji kama Ibadan, Abeokuta, Oyo, Lagos na Ile-Ife, ambao ndio mji wanaouhesabu kuwa kitovu cha asili yao. Wengine wako Benin, na wachache Togo.

Kwanza tujue jinsi jina linavyotolewa. Zamani binti alipewa jina siku ya 7 baada ya kuzaliwa, mvulana siku ya 9, na mapacha siku ya 8. Ndivyo alivyoandika mchungaji Samuel Johnson, Myoruba mwenyewe, katika kitabu kikubwa cha historia ya taifa lake alichokimaliza mwaka 1897 na kilichopigwa chapa mwaka 1921. Siku hizi watoto wote hupewa jina siku ya 8. Jamaa hukusanyika asubuhi, na mbele yao huwekwa maji, asali, chumvi, mafuta ya mawese, kola, kola chungu, na pilipili iitwayo atare. Kila kitu kina ombi lake. Maji, kwa kuwa hakuna awezaye kuyafanya adui. Asali, ili maisha ya mtoto yawe matamu. Atare, kwa sababu tunda lake lina mbegu tele, nao wataka mtoto aje kuwa na uzazi mwingi. Kola chungu huitwa orogbo, na ndani ya neno hilo mna sauti ya neno jingine linalomaanisha kuzeeka. Kwa hiyo mtoto akigusishwa orogbo midomoni, ni kama kuambiwa: uishi hata uzeeke.

Halafu huja majina yenyewe. Tena si jina moja! Baba hutoa lake, mama hutoa lake, mababu na mabibi wa pande zote mbili hutoa yao, na kila atoaye jina huweka fedha kidogo katika bakuli. Ndiyo maana binti mmoja wa Kiyoruba aweza kuitwa hivi na bibi yake, vile na shangazi, na vingine kabisa shuleni. Atakayeandika jina moja tu katika daftari ya shule ameandika sehemu moja ya mtoto. Wayoruba husema kwamba kabla ya kumpa mtoto jina hutazamwa kwanza nyumba, yaani hali ya jamaa wakati ule: kulikuwa na furaha au msiba, ugomvi au mapatano, ufukara au neema.

Jambo la pili la kujua ni kwamba jina la Kiyoruba mara nyingi ni sentensi nzima iliyokazwa ikawa neno moja. Olubunmi si neno tu, ni habari: «Bwana amenizawadia.» Ayodele ni habari: «Furaha imefika nyumbani.» Titilayo ni habari pia: «Furaha haina mwisho.» Tena lugha hiyo huimbwa kwa sauti tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na sauti ikibadilika maana hubadilika. Neno moja oko, kwa mwandiko wetu huu usio na alama, laweza kuwa mume, au jembe, au mkuki, au chombo cha safari, kadiri linavyotamkwa. Wasomaji wetu Waluba hawatashangaa, kwani lugha yao nayo ina sauti za juu na za chini; ni sisi tuliozoea Kiswahili tutakaokosea. Na neno moja zaidi: s nyingine ya Kiyoruba huwekwa nukta chini yake na husomwa sh. Hivyo Asake lasomwa Ashake, na Folasade lasomwa Folashade.

Majina mengi sana ni ya wote, wavulana kwa wasichana. Lugha yenyewe haimtengi mwanamume na mwanamke katika kusema «yeye», kama vile Kiswahili kisivyowatenga. Lakini yako majina ambayo ukiyasikia tu wajua kwamba ni binti.

Yako kwanza yale wanayoyaita majina yaliyoletwa kutoka mbinguni. Mtoto hachaguliwi jina hilo. Amekuja nalo, kwa sababu ya namna alivyozaliwa. Binti aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni ni Aina. Akiwa mvulana ni Ojo. Aliyetangulia miguu ni Ige, aliyelala kifudifudi ni Ajayi, mwenye nywele za kujisokota tangu kuzaliwa ni Dada. Kati ya mapacha, wa kwanza ni Taiwo, ndiye aliyekuja kuuonja ulimwengu, na wa pili ni Kehinde, aliyekuja nyuma. Mtu angedhani Taiwo ndiye mkubwa. Sivyo! Kwa hesabu yao Kehinde ndiye mkubwa, maana alimtuma mdogo wake atoke mbele apeleleze dunia kama ni njema. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Idowu, na anayemfuata Idowu ni Alaba. Majina haya yasikika kila mahali, kwa kuwa Wayoruba ni miongoni mwa mataifa yenye mapacha wengi kuliko yote duniani. Katika mji wa Igbo-Ora waganga waliwahi kuhesabu mapacha zaidi ya 40 katika kila uzazi 1000. Kwetu Kongo nako, ukisikia Mbuyi na Kabanga kwa Waluba wa Kasai, huna haja ya kuuliza walizaliwaje.

Juu ya jina Aina napenda kusimulia habari moja ya kweli. Karibu na mwaka 1843 alizaliwa binti katika nchi ya Wayoruba, upande wa Oke-Odan. Mwaka 1848 jeshi la Dahomey liliushambulia mji wao, wazazi wake wakauawa, naye akachukuliwa mateka mpaka kwa mfalme Ghezo. Mwaka 1850 akafika huko nahodha Mwingereza aitwaye Frederick Forbes, na mfalme akampa mtoto yule kama zawadi ya kumpelekea malkia Victoria. Nahodha akampa jina lake mwenyewe, Forbes, na jina la merikebu yake, Bonetta, na mbele yake akatia Sarah. Hivyo binti wa watu akaitwa Sarah Forbes Bonetta: nusu jina la mwanamaji, nusu jina la chombo chake! Malkia alimtunza na kulipa gharama za masomo yake, nasi hatumnyimi sifa hiyo. Mwaka 1862 binti huyo aliolewa katika mji wa Brighton na James Davies, mfanyabiashara wa Lagos. Na katika kitabu cha ndoa, mbele ya majina yale ya kigeni, liliandikwa neno fupi: Ina. Wengi hulitambua kuwa ndilo Aina. Fikirini, wasomaji: alinyakuliwa akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, asiye na baba wala mama wa kumkumbusha, lakini alihifadhi jina ambalo ndani yake mna habari ya saa ile mama yake alipomzaa, na kitovu kilivyomzunguka shingoni. Kuhusu mama yule hatuna picha wala barua. Tuna neno hilo.

Sasa nafika kwenye neno dogo nililowaahidi. Zaidi ya majina mengine yote, mtoto wa Kiyoruba hupewa oriki, yaani jina la sifa. Yako maoriki marefu ya ukoo mzima, yanayosemwa na wanawake hodari wa maneno katika arusi na matanga. Lakini hapa nasema juu ya lile fupi, la mtoto mwenyewe, ambalo mama au bibi humwitia anapotaka kumfurahisha au kumshukuru. Binti aamkapo asubuhi na kupiga magoti kuwaamkia wakubwa, hujibiwa kwa oriki yake. Na oriki hazichanganywi: za wavulana ni za wavulana, za mabinti ni za mabinti.

Sikilizeni za mabinti. Asake: aliyechaguliwa ili atunzwe. Abeke: aliyeombwa kwa kusihi, ili atunzwe. Aduke: ambaye watu wote washindania kumtunza. Ajoke: wa kutunzwa na wote pamoja. Anike: wa kuwa naye na kumtunza. Arike: wa kutazamwa na kutunzwa. Abike: aliyezaliwa atunzwe. Ajike: ambaye watu huamka wakamtunza. Mwaona wenyewe kwamba silabi ya mwisho ni ile ile, ke. Nimeandika «kutunza» kwa kukosa neno lililo bora. Maana ke ni kutunza kwa mapenzi, kubembeleza, kuenzi, kumshika mtu kama kitu cha thamani kisichopaswa kuanguka. Yako mengine yasiyo na silabi hiyo: Abeni, tuliyemwomba tumpate; Abebi, tuliyemwomba azaliwe; Asabi, aliyezaliwa mteule; Ayoka, mwenye kueneza furaha pande zote; Awero, aliyeogeshwa na kupambwa. Ukizigeukia oriki za wavulana wasikia sauti nyingine: Ajani, tuliyempata baada ya kushindana, Ajamu, aliyenyakuliwa katika mapigano. Mvulana huambiwa habari za vita. Binti huambiwa kwamba yeye ni hazina.

Wako watakaosema kwamba maneno matamu hayamwondolei mtu mzigo kichwani, na kwamba yule yule anayeitwa Abeke asubuhi hupelekwa mtoni saa ile ile kuteka maji. Ni kweli, na jina halikuzuia binti yeyote kudhulumiwa. Lakini mimi nafundisha wasichana, nami nimeona tofauti kati ya mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba aliombwa kwa kusihi, na mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba ni mlaji tu wa nyumbani. Wa kwanza hujibu swali akiwa amesimama wima. Kwa sasa vijana wengi wa mijini huko Nijeria hawana tena oriki. Wazazi wao hawakuwapa, ama walipewa nao hawaijui. Nikiulizwa, katika mila zote za majina ya Wayoruba, hiyo ndiyo ningeisikitikia zaidi ikipotea.

Hatuwezi kuyapita majina ya uchungu. Mama akizaa mtoto akafa, akazaa mwingine akafa, na wa tatu vile vile, watu wa kale walisema ni mtoto yule yule mmoja aendaye na kurudi kuwatesa wazazi. Walimwita abiku, azaliwaye ili afe. Wengine waliutia alama mwili wa marehemu ili wamtambue atakaporudi. Na mtoto aliyefuata alipewa jina la kumsihi au la kumwaibisha asiondoke tena. Malomo: usiende tena. Durojaiye: kaa, ufurahie maisha. Banjoko: keti pamoja nami. Kokumo: hafi tena. Kasimawo: hebu tungoje tumwangalie, maana hawakuthubutu kufurahi mapema. Kosoko: hakuna jembe, yaani jembe la kuchimbia kaburi limekwisha, usitusumbue. Mara nyingi watu huyataja majina hayo kama mambo ya kuchekesha. Mimi sioni kicheko ndani yake. Ni mama aliyechimbiwa makaburi matatu nyuma ya nyumba, na sasa amembeba wa nne, naye hathubutu kumpa jina zuri.

Leo tunajua zaidi. Sehemu ya watoto wale waliuawa na malaria, surua na kuhara. Na sehemu nyingine na ugonjwa wa damu uitwao selimundu, ambao waganga wetu Kongo huuita drepanositozi. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa hupindika kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa upesi, mtoto akapata maumivu makali, upungufu wa damu na homa. Mwaka 1949 wataalamu walionyesha wazi jinsi unavyorithiwa: baba ana nusu ya kosa hilo katika damu yake bila kuugua, mama naye nusu, na katika kila mimba yao ipo hatari moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea nusu zote mbili. Ndiyo sababu nyumba moja ilizika watoto watatu na nyumba ya jirani haikuzika hata mmoja. Hakuna mtoto aliyerudi kuwatesa wazazi, wala mama hakulogwa, wala hakuwa mchawi. Nijeria na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Vijana wanaotaka kuoana waweza kupimwa damu wote wawili, tena mapema, kabla mahari haijatolewa na maneno hayajawa mengi.

Karibu na majina hayo yako ya faraja. Binti akizaliwa muda mfupi baada ya bibi yake kufa, huitwa Yetunde au Iyabo, yaani mama amerudi. Mvulana baada ya babu ni Babatunde. Wakale waliamini hivyo kwa neno lenyewe, kwamba bibi amezaliwa upya. Mkristu hawezi kuamini hivyo, lakini Wakristu wengi wa Kiyoruba waendelea kulitumia jina hilo kwa kumkumbuka marehemu, nami sioni ubaya wake.

Hapo twafika kwenye habari ya dini, ambayo imeyabadilisha majina haya sana. Zamani jina lilionyesha nyumba ile yaabudu nini. Walioshika ubashiri wa Ifa walianza majina kwa Fa, kama Fabunmi, «Ifa amenizawadia»; watu wa mto Osun walisema Osunbunmi; na wanawake wa nyumba za Obatala walichukua Efun, yaani chokaa nyeupe itumikayo katika ibada yake. Wanawake wawili wakuu wa karne ya 19, Efunroye Tinubu wa Lagos na Abeokuta, na Efunsetan Aniwura wa Ibadan, walikuwa na jina la namna hiyo. Ukristo ulipoingia, watu walifanya jambo la akili: waliacha sentensi ile ile, wakabadilisha mtajwa tu. Fabunmi akawa Olubunmi, Bwana amenizawadia. Mtazameni basi pamoja na Dorotea wetu: jina moja kwa lugha mbili! Wayoruba Waislamu, ambao ni wengi sana, kwa kawaida huweka jina la Kiarabu na la nyumbani pamoja.

Zamani mapadri wetu walifuata sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyowaamuru waangalie mbatizwa apewe jina la Kikristu, na wazazi wakikataa, padri aliongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Sheria ya mwaka 1983 yataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristu. Kwa hiyo Olubunmi aweza kubatizwa Olubunmi. Wakongo wazee watakumbuka kwamba kwetu jambo hili liligeuzwa kwa nguvu ya serikali, mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku katika Zaire. Nami nathubutu kusema kwamba kumnyang'anya mtu jina la Maria si haki zaidi ya kumnyang'anya Aina.

Kwa Wayoruba wengine walijichagulia wenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1900 alizaliwa Abeokuta binti aliyebatizwa Frances Abigail Olufunmilayo Thomas. Mwaka 1919 alikwenda kusoma Uingereza, na aliporudi mwaka 1922 aliyaacha Frances na Abigail, akataka aitwe Funmilayo. Jina kamili, Olufunmilayo, ni «Bwana amenipa furaha». Baadaye aliolewa na mchungaji Ransome-Kuti, akawaongoza wanawake wa soko wa Abeokuta waliotozwa kodi bila kuwa na sauti katika baraza. Walikusanyika kwa maelfu, wakaimba mbele ya jumba la mfalme, mpaka mfalme akaondoka kitini mwezi wa Januari 1949. Alifariki mwaka 1978.

Wasomaji wataona kwamba hata yeye alilifupisha. Ndiyo desturi: Olufunmilayo huwa Funmilayo, na Funmilayo huwa Funmi. Lakini mtazame kilichobaki. Katika Funmilayo, Bwana amekwisha kutoka. Katika Funmi imetoka na furaha, likabaki «nipe» tu. Folasade, «tumia heshima iwe taji», limekatwa likawa Sade. Mwimbaji Sade Adu, aliyezaliwa Ibadan mwaka 1959, amelifanya lijulikane duniani kote, na wengi wampigiao makofi hawajui kwamba heshima imeachwa nje ya mlango. Kwa jamaa wenyewe hakuna hasara, maana wanalijua jina zima na masikio yao hulikamilisha. Hasara huanza pale mtoto anapoandikwa Funmi katika cheti cha kuzaliwa, baba na mama wakiwa mbali, na bibi wa kumweleza amekufa. Kwa hiyo ukikutana na dada wa Kiyoruba akajitaja kwa silabi mbili, mwombe akutajie jina zima, halafu umwulize oriki yake. Pengine atacheka kwanza, maana nje ya nyumba yao hakuna aliyepata kumwuliza.